Kompyuta ya Mezani ya Zamani na Windows 11: Kinachokataa ni Nini Hasa?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015 na uliozoeleka kwenye kompyuta za mezani za steshenari, shule, zahanati na ofisi ndogondogo. Wengi waliojaribu kuhamia Windows 11 walikutana na ujumbe mmoja tu: kompyuta hii haijatimiza masharti. Ujumbe huo umewafanya watu waache mashine nzima, wakope fedha za kununua nyingine, au walipie RAM ya ziada ambayo haikuhusiana hata kidogo na tatizo lao.

Nyuma ya ujumbe huo kuna vikwazo vitatu vikubwa: prosesa (ubongo wa kompyuta), chipu ya usalama iitwayo TPM, na namna kompyuta inavyojiwasha. Viwili vya mwisho mara nyingi huondoka bila kununua kitu, kwa kubadili mpangilio uliolala ndani ya mashine tangu siku ilipotoka kiwandani. Cha kwanza ni kigumu, na kwa kompyuta nyingi hakiondoki. Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi au kuingia dukani, jua kwanza ni kipi kati ya hivyo kinachokukwamisha.

Kuachwa maana yake nini

Kompyuta yenye Windows 10 haikuzimika usiku wa tarehe 14. Inawaka, inachapa, inafungua intaneti kama jana yake. Kilichokoma ni viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kila mwezi yanayoziba matundu ambayo wahalifu wanaweza kupitia.

Mfano unaoeleza jambo hili vizuri ni wa mwaka 2017. Mwezi Machi Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika sehemu ya Windows inayogawana faili kwenye mtandao. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikapita katika tundu hilohilo, kikasambaa kwenye nchi zaidi ya 150, kikifunga faili za watu na kudai malipo ili kizifungue. Hospitali za umma nchini Uingereza zililazimika kuahirisha miadi na hata upasuaji. Waliokuwa wameweka kiraka cha Machi walipona. Wenye Windows XP, iliyoachwa tangu Aprili 2014, kwa kawaida hawakuwa na kiraka cha kuweka, mpaka Microsoft ilipotoa kimoja cha dharura baada ya madhara kuonekana.

Tena kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Windows 10 na Windows 11 zina sehemu nyingi zinazofanana ndani. Kila kiraka kinachotolewa kwa ajili ya Windows 11 kinamwonyesha mhalifu mahali pa kutazama: anakichambua, anajua tundu lilikuwa wapi, kisha anakwenda kulitafuta kwenye Windows 10 ambayo halijazibwa. Hatari ya mfumo ulioachwa huongezeka kadiri miezi inavyopita. Na kwenye steshenari, ambako flashi za wateja zinaingia na kutoka kutwa nzima na mashine hiyohiyo inafungulia akaunti ya benki ya mwenye duka, si hatari ya kuifumbia macho.

Kikwazo cha kwanza: prosesa

Masharti ya juujuu ya Windows 11 ni mepesi: prosesa ya biti 64 yenye viini viwili na kasi ya gigahezi 1, RAM ya gigabaiti 4, na diski ya gigabaiti 64. Karibu kila kompyuta ya mezani ya miaka kumi iliyopita inayavuka. Ndiyo maana kuongeza RAM hakuuondoi ujumbe ule. Sharti zito ni kwamba prosesa yenyewe lazima iwe kwenye orodha ya Microsoft, na kwa Intel orodha hiyo kwa ujumla inaanzia kizazi cha nane.

Kujua kizazi ni rahisi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha soma mstari wa "Processor". Ukiona i5-6500, tazama namba zilizo baada ya kistari: zikiwa nne, ya kwanza ndiyo kizazi, kwa hiyo hii ni ya sita. Zikiwa tano, mbili za mwanzo ndizo kizazi. I5-10400 ni ya kumi. Hizo i3, i5 na i7 ni madaraja ya nguvu ndani ya kizazi kimoja, hazisemi lolote kuhusu umri. Wauzaji hupenda kunadi "Core i7" kana kwamba jina hilo linatosha, lakini i7-3770 ya mwaka 2012 inakataliwa na i3-8100 ya mwaka 2017 inapita. Pentium na Celeron hazifuati hesabu hii, kwa hiyo hizo zitafute moja kwa moja kwenye orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za AMD, mshindani wa Intel, mpaka kwa kawaida ni Ryzen za mfululizo wa 2000, ingawa si kila moja ndani ya mfululizo huo imekubaliwa.

Kwa nini kizazi cha nane? Microsoft ilitoa sababu mbili. Ya kwanza ni ulinzi unaotenga sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta na kuizungushia ukuta, ili programu inayotaka kufanya kazi katika kiini cha mfumo ihakikiwe kabla ya kuruhusiwa. Ukuta huo unategemea uwezo uliojengwa ndani ya prosesa. Prosesa isiyo nao inaweza kuuiga kwa programu, lakini inalipa kwa kupungua kasi. Sababu ya pili ni uthabiti: mwaka 2021 Microsoft ilieleza kuwa katika majaribio yake, kompyuta zisizotimiza masharti zilipata mianguko ya kiini cha mfumo, ile ya kioo cha buluu, kwa asilimia 52 zaidi.

Sababu hizo zinanishawishi kwa kizazi cha nne na cha tano, na kwa kiasi fulani cha sita. Kwa cha saba hazinishawishi. Intel ilianza kuweka uwezo huo wa ukuta katika kizazi cha saba, na prosesa ya i5-7500 ilitoka Januari 2017, kwa hiyo siku Windows 11 ilipozinduliwa, tarehe 5 Oktoba 2021, mashine yake ilikuwa haijatimiza miaka mitano. Orodha ina prosesa chache tu za kizazi hicho, mojawapo ikiwa i7-7820HQ, iliyotumika kwenye kompyuta ya Surface Studio 2 ya Microsoft wenyewe. Mwenye i5-7500 aliyeinunua mpya ana haki ya kuhisi ameonewa. Lakini mpaka ndio huo, na mipango lazima ifuate mpaka uliopo.

Kwa wanaonunua mashine zilizotumika, zile zinazotoka kwenye ofisi za Ulaya na Ghuba na kuishia Kariakoo, Mombasa au Nairobi, jina la modeli husaidia kuliko umbo, maana kwa sura zinafanana mno. Kwa Dell OptiPlex, 9020 ni kizazi cha nne. 3040, 5040 na 7040 ni cha sita. 3050, 5050 na 7050 ni cha sita au cha saba. Na 3060, 5060 na 7060 ndizo zinazoanza na cha nane. Kwa HP EliteDesk 800, tafuta G4 kwenda mbele, kwa sababu G3 bado ni ya sita au ya saba. Kwa Lenovo ThinkCentre, M710 inabaki nje na M720 inaingia. Usiridhike kwa kuona Windows 11 imeshapigwa na inang'aa kwenye kioo. Mfumo huo unaweza kulazimishwa kwenye mashine iliyokataliwa, na nitaeleza mbele athari zake. Omba ufungue msinfo32 pale pale dukani.

Je, prosesa haibadilishiki? Hapa ndipo watu wanapoliwa fedha. Kizazi cha sita, cha saba na cha nane cha Intel vyote vinakaa kwenye soketi yenye pini 1,151, kwa hiyo kwa macho chipu ya kizazi cha nane inaonekana inaingia kwenye bodi ya i5-6500. Inaingia, ila haifanyi kazi. Intel ilibadili mpangilio wa pini na kutaka bodi za familia mpya. Kubadili prosesa kwenda kizazi cha nane maana yake ni kubadili bodi pia, na kwa mashine za Dell au HP, ambazo bodi na pawasapulai zake zina maumbo ya kwao wenyewe, hesabu inakuwa karibu sawa na kununua kompyuta nyingine. Kwa AMD hali ni ya neema zaidi: bodi nyingi za soketi ya AM4 zilizouzwa na Ryzen 1000 zinaweza kupokea Ryzen 3000 au hata 5000 baada ya kusasisha BIOS, programu ndogo ndani ya bodi inayoiamsha kompyuta. Mwenye mashine ya namna hiyo aingie kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa bodi, asome orodha ya prosesa zinazokubaliwa, kisha ndipo anunue.

Kikwazo cha pili: TPM

TPM ni chipu ndogo, au sehemu ya prosesa yenyewe, inayotunza funguo za siri mahali ambapo Windows na virusi haviwezi kuzisoma moja kwa moja. Diski ikifungwa kwa BitLocker, zana ya Windows inayogeuza faili kuwa siri, ufunguo wake unakaa humo. Mwizi akiichomoa diski na kuipeleka kwenye kompyuta nyingine, hakuna kinachofunguka. Windows 11 inataka toleo la 2.0.

Andika tpm.msc kwenye kile kidirisha cha Windows na R. Ukiona toleo 2.0, umemaliza. Ukiambiwa TPM haionekani, usikimbilie kuamini kuwa haipo. Kwenye kompyuta nyingi za mezani, hasa zilizojengwa na mafundi kwa vipande, ipo ila imezimwa. Washa upya mashine, ingia kwenye BIOS (kwa kawaida F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo), nenda sehemu ya usalama. Kwa Intel itaitwa PTT, kwa AMD itaitwa fTPM. Iwashe, hifadhi, basi. Na baadhi ya mashine za Dell na HP za kizazi cha sita zina TPM 1.2 ambayo mtengenezaji ametoa programu ya kuipandisha hadi 2.0, ingawa kwa hizo prosesa bado itakataa, kwa hiyo kazi hiyo ina maana tu kwa anayekusudia njia ya kulazimisha.

Tahadhari moja, na ni nzito. Ukiwa humo utaona chaguo la kufuta TPM. Usiliguse kama diski imefungwa kwa BitLocker na huna namba ya kuokolea yenye tarakimu 48. Ukifuta funguo bila namba hiyo, faili zako zimekwenda, na hakuna fundi atakayezirudisha.

Kikwazo cha tatu: namna mashine inavyojiwasha

Kompyuta za zamani zilijiwasha kwa mtindo wa BIOS ya asili, ambao kwenye msinfo32 unaandikwa "Legacy" mbele ya "BIOS Mode". Mtindo mpya ni UEFI. Tofauti iliyo muhimu kwetu ni kwamba UEFI inaweza kutumia Secure Boot: kabla mfumo haujaamka, kila kipande kinachotaka kuamka kinakaguliwa sahihi yake, kama mlinzi wa geti asiyemruhusu mtu kwa sura bali kwa kitambulisho. Kirusi kinachojificha chini ya mfumo na kuamka kabla yake kinakwama hapo.

Mashine nyingi za mezani zilizouzwa kuanzia 2013 zina UEFI, ila aliyepiga Windows mara ya mwisho alichagua mtindo wa zamani kwa mazoea. Ukibadili tu kwenye BIOS, kompyuta itasema haioni diski, kwa sababu diski yenyewe imegawanywa kwa mpangilio wa zamani uitwao MBR, ilhali Windows kwenye UEFI inataka GPT. Watu wengi huambiwa hapa kwamba lazima diski ifutwe yote. Si kweli. Tangu mwaka 2017 Windows 10 imekuja na zana iitwayo mbr2gpt inayobadili mpangilio huo bila kufuta faili. Fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, uandike:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikikubali, rudia amri hiyo ukiweka /convert mahali pa /validate. Kisha ndipo uingie BIOS na kubadili kutoka Legacy kwenda UEFI. Zana hii hukataa diski yenye sehemu kuu zaidi ya tatu, jambo linalotokea kwa waliogawa diski yao kuwa C, D na E. Hapo itabidi kuunganisha sehemu kwanza. Ukikosea mpangilio ukabadili BIOS kabla ya diski, hakuna kilichoharibika: rudisha Legacy, mashine itawaka, anza upya. Ila nakala ya faili zako iwe imeshatoka kwenye mashine hiyo kabla ya kugusa chochote.

Kompyuta za mezani zina tatizo lao hapa ambalo laptopu hazina. Mwenye kadi ya picha ya zamani iliyochomekwa kando anaweza kubadili kwenda UEFI kamili akapata kioo cheusi, kwa sababu kadi hiyo haijui kuonyesha picha bila BIOS ya asili. Ichomoe, tumia picha ya bodi yenyewe. Na kuna betri. Kila bodi ina kibetri cha duara cha CR2032, volti 3, kinachotunza saa na mipangilio ya BIOS umeme unapokatika. Kwenye mashine ya miaka minane kibetri hicho kimekufa au kinakaribia kufa. Dalili ni saa inayorudi nyuma kila asubuhi, na kivinjari kinacholalamika kuwa vyeti vya tovuti si halali. Ukihamia UEFI na kuwasha TPM huku betri imekufa, umeme ukikatika usiku bodi inaweza kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na kwenye bodi ambayo kiwandani iliwekwa Legacy, asubuhi utaambiwa diski haionekani. Mwenye mashine atadhani Windows 11 imeharibika. Badilisha kibetri kwanza. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii, na ndicho kinachosahaulika zaidi.

Microsoft inataka mashine iwe na uwezo wa Secure Boot, si lazima iwe imewashwa ili Windows 11 iingie. Mimi nashauri uiwashe. Na ukiiwasha, acha sasisho ziingie: vyeti vya awali vya Secure Boot vilivyotolewa 2011 vinaanza kuisha muda Juni 2026, na vipya vya 2023 vinaletwa kupitia sasisho za Windows. Mashine isiyovipata itaendelea kuwaka, ila itakosa ulinzi mpya wa hatua hiyo ya kuwaka.

Prosesa ikikataa

Tuseme ni OptiPlex 7040 yenye i5-6500. TPM na UEFI umeshapanga, ukuta uliobaki ni prosesa. Njia ziko nne na nitasema wazi ninavyoziona.

Ya kwanza, ya kununua muda, ni mpango wa Microsoft wa viraka vya nyongeza kwa Windows 10. Kwa mtu binafsi unafika 13 Oktoba 2026. Bei yake ni dola 30, lakini unaweza kuupata bila malipo ukiruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Mashine iwe na toleo la 22H2, na kiungo cha kujiunga kinaonekana ndani ya mipangilio, upande wa Windows Update. Kwa mashirika bei ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, kisha inaongezeka maradufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Walimu wakuu na wasimamizi wa maabara za shule walisikie hili vizuri: kwa taasisi za elimu bei iliyotangazwa ni dola 1 mwaka wa kwanza, 2 wa pili na 4 wa tatu. Maabara ya kompyuta 20 inalindwa miaka mitatu kwa dola 140. Shule itanunua kupitia wakala wa leseni za taasisi, si dukani.

Ya pili ni kulazimisha. Kuna ufunguo wa rejista, yaani mpangilio wa ndani wa Windows, na kuna programu ya Rufus inayotengeneza flashi isiyouliza masharti. Windows 11 inaingia na kwa kawaida inafanya kazi. Lakini Microsoft haiahidi viraka kwa mashine kama hiyo, na toleo jipya la kila mwaka halitajileta lenyewe. Utalazimisha tena kila mara. Mpaka nao umeshasogezwa: toleo la 24H2 la mwaka 2024 linatumia maagizo ya prosesa ambayo Core 2 Duo haina, kwa hiyo hizo haziwaki kabisa hata ukilazimisha. Kwa kompyuta ya nyumbani ya kutazama video na kuandika barua, sioni ubaya mwenyewe akijua anachofanya. Kwa mashine inayoshika fedha za watu au kumbukumbu za wagonjwa, naipinga, na fundi anayemlazimishia mteja bila kumwambia anamkosea.

Ya tatu ni Linux, mfumo endeshi mwingine usio wa Microsoft, na ndiyo ninayoipenda kwa maabara za shule na steshenari nyingi. Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024, itapata viraka hadi 2029, haiulizi TPM wala kizazi cha prosesa, na inaendesha LibreOffice na Firefox vizuri kwenye RAM ya gigabaiti 4. Unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa diski, ukaona kama printa na intaneti vinafanya kazi. Inapokwama ni kwenye programu zilizotengenezwa kwa Windows tu: Photoshop, Microsoft Office ya kusakinishwa, baadhi ya programu za hesabu na za mashine za dukani. Kama kazi yako inategemea mojawapo ya hizo, usihamie kwa mkumbo.

Ya nne ni kununua mashine nyingine, na hapo rudi kwenye majina niliyoyataja juu. OptiPlex 3060 iliyotumika inaingia Windows 11 kihalali.

Kasi ni suala jingine

Watu huchanganya kukataliwa na uzito. Mashine inaweza kukubaliwa na Windows 11 na bado ikakuchosha, na mara nyingi kosa si la mfumo bali la diski ya kuzunguka. Diski ya aina hiyo ina kisoma kinachosogea kutafuta kila faili, na kinaweza kufanya misogeo takriban mia moja tu kwa sekunde. Windows inapoamka inataka maelfu ya vijifaili vilivyotawanyika. SSD, diski inayohifadhi kwenye chipu, haina kinachosogea, inavileta kwa makumi ya maelfu kwa sekunde. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua SSD ya SATA ya gigabaiti 240 kabla ya RAM. RAM ifuate kama una gigabaiti 4, na uangalie aina: kizazi cha nne kinatumia DDR3, cha nane DDR4, na hazichomekani moja mahali pa nyingine.

Siku ya kazi

Faili la Windows 11 linazidi gigabaiti 5. Pakua mara moja mahali penye intaneti ya uhakika, liweke kwenye flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, na flashi hiyo itahudumia kila kompyuta ya ofisi. Toleo la Home litadai intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kupiga, kwa hiyo weka bando la kutosha.

Kompyuta ya mezani haina betri ya kuibeba umeme ukikatika. Windows ikikatizwa katikati kwa kawaida hujirudisha ilipokuwa, lakini BIOS ikikatizwa wakati inasasishwa inaweza kuua bodi moja kwa moja. Usisasishe BIOS bila UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika), na kama BitLocker imewashwa, isimamishe kwanza.

Leseni nayo ina habari njema inayofichwa na mazoea ya kutumia kraki. Kompyuta nyingi za ofisi za kizazi cha sita na kuendelea ziliuzwa na Windows 10 Pro halali, na ufunguo wake umechomwa ndani ya bodi. Ukipiga Windows 11 Pro na kuunganisha intaneti, inajiamilisha yenyewe bila senti. Kuna watu wanaweka kraki zinazobeba virusi juu ya mashine ambayo tayari ina leseni halali. Sharti ni kwamba toleo lilingane: ufunguo wa Pro hauamilishi Home, wala wa Home hauamilishi Pro.

Ukihama juu kwa juu bila kufuta, programu na faili zinabaki. Kama Windows 10 yako ni ya biti 32, njia hiyo haipo, kwa sababu Windows 11 ni ya biti 64 pekee. Itabidi kupiga upya. Ukipiga upya toleo la 24H2 au jipya zaidi na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, diski inaweza kufungwa kwa BitLocker bila kukuuliza, na namba ya kuokolea ikahifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Fundi anayetumia akaunti yake mwenyewe kwenye mashine ya mteja anaondoka na ufunguo wa mteja. Ingiza akaunti yako, kisha uichape namba hiyo kwenye karatasi siku hiyohiyo.

Baada ya kuhama juu kwa juu unazo siku 10 za kurudi Windows 10 kwa kubofya tu, maana mfumo wa zamani umehifadhiwa kwenye folda ya Windows.old. Zitumie kazini kweli: chapa kwa kila printa, jaribu skana, fungua programu ya hesabu na utoe risiti moja, sikiliza sauti, zima kabisa uchomoe waya wa umeme kisha uwashe tena uone kama saa iko sawa. Kasoro ikijitokeza siku ya nane bado unaweza kurudi ulikotoka. Siku ya 11 itabidi kupiga Windows 10 upya kutoka mwanzo.